Ufa uliovukwa ukiwa mkavu unaweza kuleta maji baadaye? Swali kuhusu mgodi wa makaa ya mawe chini ya ardhi

Mjiolojia wa Zamu aliuliza:

Ndugu wataalamu, naomba mchango wenu katika jambo ambalo limetugawa kazini. Tunachimba tabaka la makaa ya mawe lenye unene wa mita 3. Mita 45 chini ya sakafu yake kuna mwamba wa chokaa wenye mapango na maji mengi, na katikati kuna mpishano wa mwamba wa tope na mwamba wa mchanga. Shimo la uangalizi lililochorongwa kutoka juu linaonyesha kwamba shinikizo la maji kwenye uso wa juu wa chokaa hiyo ni megapaskali 2.4, yaani maji yake yangepanda takriban mita 245 kama yangepata njia.

Njia tunayoichimba sasa inaukaribia ufa mkubwa kuliko tuliokwisha kukutana nao. Upande wetu umeshuka mita 18 ukilinganishwa na upande wa pili, na ufa wenyewe unainama kuelekea kwetu kwa nyuzi 70 hivi. Wakubwa zangu wanasema hakuna cha kuogopa, kwa kuwa katika eneo hilihili tumevuka nyufa kadhaa ndogo na zote zilikuwa kavu au zilitoa matone tu, na kwamba nyufa zilizopita kwenye mwamba wa tope hujifunga zenyewe kwa udongo. Mimi nina wasiwasi, hasa kwa sababu sakafu iliyokuwa na unyevu tu karibu na uso wa uchimbaji sasa ina mchirizi unaoonekana.

Je, ukavu wa nyufa tulizovuka ni ushahidi wa kutosha kuhusu ufa huu? Na kama si ushahidi, nipime nini kabla hatujaufikia?

Maji ya Mwambani alijibu:

Ndugu Mjiolojia, nitaanza na hesabu kabla ya hoja ya ukavu, kwa sababu takwimu ulizotoa zinatosha na sidhani kama kuna aliyeziweka pamoja hapo kazini. Mko kwenye upande ulioshuka. Maana yake ni kwamba ng'ambo ya ufa chokaa imesimama mita 18 juu zaidi kuliko ilivyo chini yenu, na mtakapoufikia ufa mkiwa katika kina hichohicho, chokaa ya ng'ambo itakuwa mita 27 tu chini ya kiwango cha sakafu yenu. Kiwango ambacho maji yangepanda hakibadiliki, hivyo shinikizo kwenye uso wa chokaa iliyo juu zaidi hupungua kidogo, kutoka megapaskali 2.4 hadi karibu 2.22. Kinachopungua sana ni kinga.

Wachina wana uzoefu mrefu wa tatizo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya makaa ya kaskazini mwa nchi yao imelala juu ya chokaa ya kipindi cha Odovisia yenye maji ya shinikizo kubwa. Tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakitumia kipimo chepesi: shinikizo la maji hugawanywa kwa unene wa mwamba uliobaki kati ya maji na machimbo. Kanuni zao huweka kikomo cha megapaskali 0.06 kwa kila mita penye miamba iliyovurugwa na nyufa, na 0.10 pasipo na vurugu. Mkiwa mbali na ufa, 2.4 kwa 45 ni 0.053, na hapo mnaweza kulala usingizi. Mkiwa ufani, 2.22 kwa 27 ni 0.082. Mmekwisha kukipita kikomo kabla ya yeyote kuuliza kama ufa una udongo au hauna. Kuna matoleo ya kipimo hicho yanayopunguza kwanza sehemu ya sakafu iliyovunjwa na uchimbaji, lakini vikomo vya 0.06 na 0.10 vinakwenda na hesabu hii nyepesi. Ukichanganya hesabu ya toleo moja na kikomo cha lingine utapata jibu lisilo na maana.

Sasa kuhusu ukavu. Ufa si mstari, ingawa ramani huuchora hivyo. Katikati una kiini cha mwamba uliosagwa, ambacho kwenye miamba ya tope huwa udongo laini usiopitisha maji kwa urahisi. Pembeni mwa kiini, pande zote mbili, kuna ukanda wa miamba iliyopasuka-pasuka, na mipasuko hiyo mara nyingi huenda sambamba na ufa. Kwa hiyo ufa mmoja unaweza kuyazuia maji yasiuvuke na wakati huohuo kuyaachia yapande kando yake. Wakubwa zako wanasema kweli wanaposema kwamba udongo hufunga, ila wanazungumzia mwelekeo mmoja tu, na chokaa yenu haiko mbele yenu. Iko chini.

Tena nyufa ndogo mlizovuka, kama zilihamisha miamba mita mbili au tatu, hazikubadilisha umbali wenu na chokaa kwa kiasi cha maana, na huenda nyingine hazifiki kwenye chokaa kabisa. Ukavu wake unaeleza habari za mwamba wa tope uliozizunguka. Hauelezi lolote kuhusu ufa wa mita 18.

Jambo la mwisho ni mkazo. Mwamba ulio chini kabisa umebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake, na mipasuko yake imebanwa pia. Mnapoyaondoa makaa, sakafu inapoteza uzito uliokuwa ukiibana huku pande za machimbo zikibeba mzigo zaidi, na ufa uliokuwa umetulia unaweza kuteleza kidogo sana na kufunguka. Kiasi cha maji kinachopita kwenye mpasuko hufuata upana wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu: upana ukiongezeka maradufu, maji huongezeka mara nane. Kwa tofauti ya karibu mita 200 za maji katika mita 27 za mwamba, mpasuko laini wenye upana wa milimita 0.2 ungetoa takriban lita 175 kwa saa kwa kila mita ya urefu wake. Ukifika milimita 0.4 utatoa kama lita 1,400. Mipasuko halisi ina mikwaruzo na udongo, kwa hiyo hutoa pungufu ya hapo, ila uwiano ndio huo. Ndiyo maana ufa unaweza kuvukwa ukiwa mkavu, kisha ukaleta maji miezi kadhaa baadaye, uchimbaji mkubwa unapopita karibu yake.

Mchorongaji Mkongwe alijibu:

Naafikiana na aliyetangulia, lakini hesabu haitakuambia ufa uko wapi hasa. Picha ya mitetemo, yaani ile inayochorwa kwa kutuma mitetemo ardhini na kupima inavyorudi, ina makosa ya mita kadhaa, wakati mwingine zaidi, na mteremko wa nyuzi 70 uliokadiriwa kutoka juu unaweza kuwa 60 mkifika. Kwa hiyo simamisheni uso wa uchimbaji ungali mbali na mchoronge mbele.

Namna ya kuchoronga ina uzito kuliko idadi ya mashimo. Kwanza mnaweka bomba la chuma kwenye mwamba mzima, mnalifunga kwa saruji, mnaiacha igande, kisha mnalijaribu kwa shinikizo linalozidi lile mnalotarajia. Mara moja na nusu ni kiasi kinachokubalika, kwa hiyo kwenu ni zaidi ya megapaskali 3.3. Juu ya bomba mnafunga vali, na mnachoronga kupitia vali hiyo. Anayechoronga kuelekea maji ya megapaskali mbili bila vali anajitengenezea bomba asiloweza kulifunga, na fimbo zake zitarushwa nje. Kazi hii ifanywe kwa mashine maalumu ya kuchoronga. Kichorongeo cha kutobolea mashimo ya baruti hakifai. Wachina wamekipiga marufuku katika kazi hii, na sababu zake zinaeleweka.

Mashimo yasielekee mbele peke yake. Chokaa iko chini, basi angalau baadhi ya mashimo yainame kwenda chini na kuukata ufa kwenye vina tofauti, pande zote mbili za kiini. Shimo linalolala pamoja na tabaka la makaa litagonga udongo wa kiini, mtasema ni mkavu, na mtakuwa mmerudi palepale mlipoanzia.

Kila shimo likifika ufani, funga vali na usome geji. Shimo lisilotoa maji likiwa wazi, lakini geji yake ikapanda polepole usiku kucha hadi karibu na shinikizo la chokaa, limekuambia kwamba njia ipo ingawa ni nyembamba. Wengi huliandika shimo kama hilo kuwa "kavu" kwa sababu waliliangalia kwa robo saa tu.

Mjiolojia wa Zamu aliandika:

Nawashukuru sana. Sikuwa nimelitazama suala la upande ulioshuka kwa namna hiyo, na hesabu ya 0.082 nimeipeleka mezani leo.

Niongeze taarifa ambazo huenda zitasaidia. Mchirizi wa sakafuni umepimwa: ulianza kwa kasi, sasa unaonekana kupungua, na mkuu wa uzalishaji anautumia upungufu huo kama hoja yake kuu. Maji yenyewe ni maangavu. Maabara imekuta sodiamu na bikaboneti kwa wingi, kalisi kidogo na salfeti kidogo. Maji ya chokaa kutoka shimo la uangalizi yana kalisi na bikaboneti, na yana joto zaidi kwa nyuzi nne hivi. Je, naweza kusema mchirizi hautoki kwenye chokaa?

Kemia ya Maji alijibu:

Kwa leo, ndiyo, kwa kiasi kikubwa, lakini angalia unalisema kwa lengo gani.

Maji yenye sodiamu na bikaboneti na kalisi kidogo ni ya kawaida katika miamba ya mchanga na tope inayoambatana na makaa. Maji hayo yamekaa na udongo kwa muda mrefu, na udongo umechukua kalisi na kuachia sodiamu. Maji ya chokaa yanayotembea hayapati muda huo, kwa hiyo yanabaki na kalisi. Tofauti ya joto inaelekea hukohuko: ardhi huongezeka joto kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita, na maji yanayopanda haraka kutoka kina kikubwa hufika yakiwa na joto la huko yalikotoka. Upungufu wa kasi nao unalingana na picha hiyo. Mwamba wa mchanga uliozungukwa na tope una akiba ndogo. Ukiufungulia njia, hutoa maji mengi mwanzoni kisha hupungua kadiri akiba inavyokwisha.

Kwa hiyo mkuu wa uzalishaji anaweza kuwa sahihi kuhusu mchirizi na bado akakosea kuhusu ufa. Mchirizi unaopungua unaonyesha kwamba mwamba wa mchanga unaisha maji. Hauonyeshi kwamba chokaa haitakuja. Tena mwamba wa mchanga unapopoteza shinikizo lake, tofauti ya shinikizo kati yake na chokaa inaongezeka, na kama ufa unaviunganisha, chokaa itaanza kuulisha. Hapo ndipo utaona upungufu ukikoma na mchirizi ukitulia kwenye kiwango kimoja, kalisi ikianza kupanda kidogo kidogo, na joto likifuata. Mimi ningeogopa mchirizi ulioacha kupungua bila sababu kuliko ule ulioanza kwa kishindo.

Pimeni basi mara kwa mara mahali palepale, kwa chombo kilekile: kiasi, joto, na upitishaji umeme wa maji, ambao ni kipimo cha dakika moja kisichohitaji maabara. Sampuli za maabara zichukuliwe kwa ratiba, na moja ichukuliwe papo hapo kila vipimo hivyo vinapobadilika. Maji yakigeuka ya tope, msisubiri maabara. Tope maana yake ni kwamba maji yanakula kiini cha ufa na kujipanulia njia, na watu wanatakiwa kutoka kwanza, mjadala uje baadaye.

Kitu kimoja zaidi ambacho hakuna aliyekigusa: lile shimo la uangalizi la juu. Liwekeeni kifaa kinachorekodi shinikizo muda wote. Mkichoronga mbele na kufungua vali kwa saa chache, na shinikizo la chokaa kwenye shimo hilo likashuka wakati huohuo kisha likarudi mlipofunga, mmethibitisha muunganiko kwa namna isiyobishaniwa na yeyote, awe wa uzalishaji au wa usalama.

Mkaguzi Mstaafu alijibu:

Nimesoma kwa makini, na sina ugomvi na hesabu za mtu yeyote. Ila nataka kuwarudisha kidogo nyuma. Nyufa nyingi katika migodi ya makaa hazileti maji ya kutisha, na maafa mengi makubwa ya mafuriko migodini hayakutokana na nyufa za asili hata kidogo. Chasnala, nchini India, tarehe 27 Desemba 1975, zaidi ya watu 370 walikufa kwa maji yaliyokuwa yamejaa kwenye machimbo ya zamani. Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, wachimbaji tisa walinaswa kwa zaidi ya siku tatu kabla ya kuokolewa wote, kwa sababu machimbo ya jirani yaliyoachwa yalikuwa karibu kuliko ramani iliyotumika ilivyoonyesha. Je, Ndugu Mjiolojia, ng'ambo ya ufa huo au juu yake kuna machimbo ya zamani? Ufa unaweza kuunganisha machimbo yaliyojaa maji kama unavyounganisha chokaa, na maji hayo hayahitaji shinikizo kubwa ili kuua. Maabara yako ilikuta salfeti kidogo, na hilo ni jema, kwa kuwa maji yaliyolala kwenye machimbo ya zamani huwa na salfeti nyingi na chuma. Hata hivyo tafuta ramani za kale, uzitilie shaka, na uzipime tena.

Maji ya Mwambani alijibu:

Mzee, hoja yako ni ya haki, na ningependa swali la machimbo ya zamani lijibiwe kabla ya mashimo kuchorongwa. Lakini mfano wa upande wa pili nao upo. Fangezhuang, katika eneo la Kailuan nchini China, tarehe 2 Juni 1984, maji ya chokaa ya Odovisia yaliingia kwa kiasi kilichofikia mita za ujazo 2,053 kwa dakika, na mgodi ulijaa katika muda usiotimia siku moja. Njia yake haikuwa ufa wa kawaida. Ilikuwa nguzo ya miamba iliyoporomokea ndani ya pango la chokaa na kuacha mwamba uliovunjika kuanzia chokaa hadi kwenye makaa. Hakuna aliyeijua mpaka siku hiyo. Ninaitaja kwa sababu mashimo yanayoelekezwa kwenye ufa peke yake yangeikosa nguzo ya namna hiyo, na chokaa yenu ina mapango. Baadhi ya mashimo ya kwenda chini yachunguze sakafu mbali na ufa pia, na vipimo vya umeme vya sakafu vifanywe kabla, ili mchorongaji ajue pa kuanzia.

Mjiolojia wa Zamu aliandika:

Mzee Mkaguzi, machimbo ya zamani yapo, lakini kwa ramani tulizonazo yako mbali, upande wetu huohuo wa ufa na katika kina kidogo zaidi. Nitaomba vipimo vyake vithibitishwe.

Swali langu la mwisho: wakubwa wanataka kujua kama tuuvuke ufa au tuache nguzo ya makaa, yaani ukanda wa makaa usiochimbwa uwe kinga kati yetu na ufa, na kama ni nguzo, iwe na upana gani.

Mchorongaji Mkongwe alijibu:

Kuvuka kwa njia na kuchimba kando ya ufa ni mambo mawili tofauti, na kosa la kawaida ni kuyapa jibu moja.

Kuhusu nguzo, kuna kanuni ya Kichina ambayo wengi huianzia: nusu ya kigezo cha usalama, mara unene wa tabaka, mara kipeuo cha pili cha jibu unalopata shinikizo mara tatu likigawanywa kwa nguvu ya makaa dhidi ya kuvutwa, na jibu lisiwe chini ya mita 20. Kwa tabaka lenu la mita 3, kigezo cha 5, shinikizo la 2.2 na makaa yenye nguvu ya megapaskali 0.3, inatoka mita 35 hivi. Lakini kanuni hiyo inakagua kama nguzo ya makaa itapasuka kwa maji yanayoisukuma kutoka ubavuni. Haikagui kama chokaa ya ng'ambo itapanda kupitia sakafu, na kwenu hilo la pili ndilo kubwa. Chora mkato wa miamba kwa vipimo halisi, pima umbali mfupi zaidi kati ya ukingo wa machimbo na chokaa iliyo ng'ambo ya ufa, kisha urudishe ukingo nyuma mpaka kile kipimo cha shinikizo kwa unene kiwe chini ya 0.06. Kwa megapaskali 2.22 mnahitaji mita 37 za mwamba, na kwa mteremko wa nyuzi 70 mtajua wenyewe nguzo itoke mita ngapi. Chukueni jibu kubwa kati ya hayo mawili. Mashimo yakionyesha kwamba ukanda uliopasuka ni mpana, nguzo ihesabiwe kuanzia ukingo wa ukanda huo.

Kuhusu kuvuka, inawezekana, kwa njia moja nyembamba inayoukata ufa kwa pembe karibu na mraba, baada ya kudunga saruji kwenye ukanda uliopasuka pande zote mbili na chini ya njia. Saruji idungwe kwa shinikizo linalolizidi la maji, la sivyo haitaingia. Baada ya hapo chorongeni mashimo mapya ya kukagua, wala msitegemee idadi ya mifuko iliyotumika, kwa kuwa saruji inaweza kukimbilia kwenye pango moja na kuiacha mipasuko yote mingine wazi. Kumbukeni pia kwamba mkishavuka, makaa yako mita 18 juu yenu na njia italazimika kupanda. Mita za kwanza za ng'ambo, kabla haijapanda, ndizo zilizo karibu zaidi na chokaa, na huko saruji isifanyiwe ubahili.

Kabla ya mita ya kwanza ya kuvuka, jengeni mlango wa chuma wa kuzuia maji nyuma ya eneo hilo, kwenye mwamba mzima usio na ufa, na mjaribu kuufunga wakati maji bado ni machache. Kituo cha pampu na umeme wake vibaki upande mkavu wa mlango huo. Nimeona michoro iliyoviweka upande wa pili, kwa hoja kwamba huko ndiko maji yatakakokuwa.